Ukoo Mchungu wa Tikiti Maji

Wengi wetu tunalijua tikiti maji kwa sura moja: ganda la kijani, nyama nyekundu, maji mengi na sukari. Mimi huvutiwa zaidi na ndugu zake wasiotamaniwa na mtu, kwa maana kadiri ninavyofuatilia habari za vinasaba vya mmea huu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba usalama wa tunda hili tamu umo ndani ya matunda machungu. Jenasi ya Citrullus ina spishi saba, na tikiti maji la mezani, Citrullus lanatus, ni moja tu kati ya hizo. Katika ndugu zake wa porini ni kawaida kukuta nyama ngumu iliyopauka, yenye kukurbitasini, kemikali chungu inayoulinda mmea dhidi ya walaji.

Uchungu huo hurithiwa kwa namna inayostahili kuangaliwa kwa makini. Jeni yake ni tawala, kwa hiyo mmea mtamu ukichavushwa na mmea mchungu, chotara wao huzaa matunda machungu. Hata hivyo, tunda lililotokana na uchavushaji huo halibadiliki ladha, kwa sababu nyama yake yote ni ya mmea mama. Uchungu umejificha ndani ya mbegu, na utajitokeza siku mbegu hizo zitakapopandwa na kuzaa. Matikiti ya jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, yanaonyesha jinsi macho yasivyoweza kumsaidia mtu hapa: David Livingstone, katika maandishi yake ya mwaka 1857, alieleza kwamba matamu na machungu yalifanana kabisa, na wenyeji waliyatambua kwa kuyakata kwa shoka moja baada ya jingine na kugusisha ulimi kwenye mkato.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani asili ya tikiti maji ni kusini mwa Afrika. Mwaka 2021 Susanne Renner, Guillaume Chomicki na wenzao walionyesha kwa kulinganisha DNA kwamba ndugu wa karibu zaidi wa tikiti letu ni tikiti la Kordofan nchini Sudan, dogo, la mviringo, lenye nyama nyeupe isiyo chungu. Maana yake ni kwamba uchungu ulikuwa umekwisha kuondoka kabla ya wekundu kuingia. Wekundu wenyewe ni likopeni, rangi nyekundu ya asili, iliyorundikana: kimeng'enya ambacho kwa kawaida huigeuza likopeni kuwa karotini kimepungua katika nyama ya tunda, basi likopeni inabaki palepale.

Kila safari wakulima walipochagua mbegu za tunda tamu zaidi na jekundu zaidi, waliacha nyuma jeni nyingine nyingi ambazo hazikuonekana kuwa na kazi, zikiwemo za kustahimili magonjwa. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wanaokaa udongoni miaka mingi na kuziba mishipa ya maji ya mmea, ndio uliofichua upungufu huo. Nchini Marekani, mtafiti William Orton alizalisha chotara wa tikiti tamu na tikiti gumu la aina inayolishwa mifugo, na mwaka 1911 ikatoka mbegu iitwayo Conqueror, iliyostahimili mnyauko. Vivyo hivyo, katika matikiti ya egusi ya Afrika Magharibi, yanayolimwa kwa ajili ya mbegu zake zenye mafuta, watafiti wamepata ukinzani dhidi ya virusi vinavyoharibu majani na matunda.

Ugumu ni kwamba jeni ya ukinzani haiji peke yake. Chotara wa kwanza hubeba nusu ya urithi wa porini, pamoja na uchungu, ugumu na weupe, hivyo mtafiti humchavusha tena na mzazi mtamu kizazi baada ya kizazi: sehemu ya porini hushuka kwa wastani hadi asilimia 25, kisha 12.5, kisha 6.25. Vipimo vya DNA kwenye miche michanga vimefupisha kazi hii, kwa kuwa mche usio na jeni inayotafutwa hung'olewa kabla haujachukua nafasi shambani. Ramani ya kwanza ya jenomu nzima, yaani DNA yote, ya tikiti maji, ambalo lina jozi 11 za kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, ilichapishwa mwaka 2013.

Tikiti lisilo na mbegu, ambalo Hitoshi Kihara wa Japani alilieleza mwaka 1951, huzaliwa kwa kukutanisha mzazi mwenye kromosomu 44 na mwenye 22. Mtoto hupata 33, hesabu isiyogawanyika sawasawa, na mbegu zake hazikomai. Nalo hutegemea wazazi wawili wanaotunzwa mahali fulani.

Utunzaji huo ndio ninaotamani uthaminiwe zaidi. Mbegu zilizomo katika ghala za kuhifadhia aina mbalimbali huzeeka na lazima zipandwe upya, na nyuki huchanganya kila kitu. Basi mtunzaji hufunika jioni ua jike litakalochanua kesho, lile lenye kijitunda chenye manyoya chini ya petali, pamoja na ua dume la aina ileile; asubuhi na mapema huchuma ua dume, hukunja petali zake, hupaka chavua taratibu kwenye ncha zote za stigma, sehemu ya ua jike inayopokea chavua, hulifunga tena ua jike na kulitundikia lebo. Aina chungu hupewa mikono ileile na uangalifu uleule kama aina tamu, ingawa hakuna atakayelila tunda lake.