Bodi ya Pac-Man, TV ya chogo na fundi wa Kariakoo

Ukirudi Dar ukasema una mashine ya gemu ya kutumbukiza sarafu, jiandae kujieleza. Kwetu Temeke walidhani nimeingia kwenye biashara ya madubwi. Mama mdogo akanivuta pembeni: "Mwanangu, ndiyo kamari hiyo uliyokwenda kujifunza Ulaya?" Nikamtolea bodi yenyewe kwenye begi, kile kibao cha saketi kinachoendesha gemu. Akaigeuzageuza, akauliza nalipwa shilingi ngapi kuitengeneza. Nikamwambia silipwi, tena nimeinunua mbovu kwa hela yangu. Hapo ndipo alipoanza kunionea huruma.

Naishi Coventry, Uingereza, mahali ambapo Desemba ikifika, saa kumi jioni giza linaanza kutanda. Wenzangu wana baa zao, wengine wanaongea na nyumbani mpaka bando linakata. Mimi nikitoka zamu nakaa na mita na chuma cha kuchomea risasi, nahangaika na bodi za mashine za zamani. Sioni aibu.

Hii niliyokuja nayo ni ya Pac-Man, mchezo wa kampuni ya Namco wa mwaka 1980, toleo la Midway waliokuwa na kibali cha kuuza Marekani. Prosesa yake, yaani ubongo wa bodi, ni Z80, megahezi 3 na ushee, na programu nzima ni kilobaiti 16. Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp inaizidi mbali.

Ilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza ni la ukoo: bodi hii inapokea AC, umeme unaobadili mwelekeo, kutoka kwenye transfoma, halafu yenyewe ndiyo inayougeuza kuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Mkondo mkubwa unapita kwenye meno ya shaba pembeni, pale inapochomekwa kwenye soketi, na miaka ikienda meno yanaungua. La pili, ukiiwasha kioo kinajaa herufi za ovyo, inazima, inaanza upya, hivyo hivyo bila kukoma. Ndani kuna saketi ya ulinzi ambayo programu inatakiwa kuigusa kila mara. Isipoguswa, inajua programu imepotea njia, inaiwasha upya.

Kwa nini nisiimalize kulekule? Kwa sababu ya kioo. Gemu hizi zinatoa picha ya mistari kama 15,700 kwa sekunde, na TV bapa nyingi hazielewani nayo. Inatakiwa TV ya chogo, ambayo Uingereza zilishatupwa, na zilizobaki wapenzi wa gemu wanagombania. Binamu yangu ndiye aliyeniambia kuna fundi Kariakoo ana chogo zimepangwa mpaka darini. Kwa Tanzania, Dar ndiko mitambo ya TV ya analojia ilikoanza kuzimwa, Desemba 31, 2012. Watu wakaishi kidogo na ving'amuzi, kisha wakahamia kwenye flati, na machogo yakaishia kwa mafundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii ya redio gani?"

"Ya gemu, mzee. Ya mwaka themanini."

Akaileta karibu na taa. "Chipu zina miguu. Hii inatengenezeka. Za siku hizi ndizo zinatutesa."

Meno yaliyoungua aliyakwangua mpaka weusi ukaisha, akabandua vipande vya shaba kwenye bodi mfu ya redio, akavikata kwa wembe na kuvilaza juu, akavishika kwa risasi nyembamba. Kisha tukawasha kwa transfoma yake. Mimi nikatoa mita. Yeye akapitisha mgongo wa kidole juu ya chipu moja baada ya nyingine, akasimama. "Hii inaunguza." Ilikuwa 2114, chipu ya kumbukumbu. Kuing'oa alitumia sindano ya bomba aliyoisaga ncha: anayeyusha risasi, anaivisha sindano kwenye mguu, anazungusha, mguu unabaki huru. Miguu 18, na hakuna hata njia moja ya shaba iliyobanduka. Mimi nina pampu ya umeme ya kunyonya risasi, ya bei mbaya, na sijawahi kung'oa chipu kwa usafi ule. Tukaweka 2114 niliyokuja nayo.

TV ilikuwa ya inchi 14. Kabla ya kugusa ndani, akachukua bisibisi iliyofungwa waya kwenye chasisi, akaiingiza chini ya kile kikombe cha mpira juu ya tyubu. Tak! Tyubu inaweza kubaki na maelfu ya volti hata TV ikiwa imechomolewa, na si umeme wa kujaribia bahati. Pini za kuingizia nyekundu, kijani na buluu alizijua kwa kichwa. Mimi nikaweka rezista za kupunguza makali, maana bodi inatoa ishara kali kuliko TV inavyotaka.

Pac-Man huchezwa kioo kikiwa kimesimama, kwa hiyo TV tukailaza ubavu. Wapita njia wakapata la kusema. Pembeni likatokea doa la zambarau, kwa sababu tyubu ukiigeuza, sumaku ya dunia inazipotosha rangi. Akazima, akaiacha ipoe, akawasha tena ili koili ya kuondoa sumaku ifanye kazi. Doa likaenda. Vizuka wanne wanaomfukuza Pac-Man wakatoka, kila mmoja na rangi yake, na mtoto wa muuza chaja jirani akaikamata batani kabla yangu.

Bei aliyotaja nililipa bila kupunguza. Binamu alinuna mpaka Mnazi Mmoja.

Wakati wa kuagana nikamweleza habari za bodi za kampuni ya Capcom za miaka ya tisini, CPS-2, zenye betri inayotunza funguo za programu, yaani tarakimu za siri za kuisoma: betri ikifa, gemu haichezeki, hata kama kila chipu ni nzima.

"Makusudi?"

"Makusudi, mzee. Walikuwa wanazuia kunakiliwa. Wapenzi wa gemu waliifungua siri hiyo 2007, siku hizi funguo zinarudishwa."

"Basi ukija tena niletee moja," akasema. "Na 2114 za akiba, huku sizipati."