Tuta la tatu: kumbe mchawi ni mimi

Siku ya 19. Nimejua kwa nini maji yanagoma kuingia kwenye udongo wa tuta hili, na aibu ni yangu.

Mnajua nilivyohangaika. Namwagilia asubuhi, maji yanazama vizuri tu, jioni nikifukua kwa kidole nakuta vumbi. Nikaongeza maji. Miche ikazidi kunyauka, na pembeni mwa tuta vikachimbika vijifereji.

Jaribio la matone, yaani kudondosha tone la maji juu ya udongo na kuhesabu linachukua muda gani kuzama, nililifanya mara mbili, na mara zote mbili nikajidanganya. Kwanza nilidondoshea udongo wenye unyevu, ukanywa papo hapo. Kazi bure: udongo huu ukiwa umelowa ni mpole, hukataa maji ukishakauka. Mara ya pili niliuanika kivulini siku nne, ila nilichota wa juu tu. Tone likapotea kabla ya sekunde 5, yaani udongo hauna ugonjwa. Nikakaribia kulisamehe tuta.

Jana nikachota sentimita moja moja kwenda chini, nikaanika upya kila fungu. La juu: sekunde 2. La pili: 40. La tatu, tone likakaa kama shanga. Dakika 10, lipo. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi, lipo! Lilizama dakika ya 47.

Ndipo nikakumbuka. Hapohapo msimu uliopita nilichoma rundo la majani na matawi ya mikaratusi. Majani yale yana nta. Moto huigeuza mvuke, na mvuke ukishuka kwenye udongo wenye ubaridi huganda na kuzipaka chembe. Ukataaji hukolea joto likiwa kati ya nyuzi 175 na 280 hivi. Likizidi hapo nta huungua, ndiyo maana tabaka la juu linakunywa bila kinyongo. Na udongo wangu ni kichanga: chembe kubwa hazina eneo kubwa la kupakwa, kwa hiyo nta kidogo inatosha kuharibu kila kitu.

Kile kipimo cha unyevu chenye vijiti viwili nimekifungia kabatini. Maji yanapenya kwa vichochoro vyembamba. Ukikichomeka penye kichochoro kinasema pamelowa, na kando yake kidogo tu ni jangwa. Bomba la sindano lisilo na sindano, pamoja na saa ya simu, vimenifaa kuliko hicho.

Wiki hii nilipanga kujaribu sabuni. Nimeahirisha, maana usiku udongo wa mfinyanzi umenikaa kichwani. Chembe zake ndogo mno hufunika zile zenye nta. Wakulima wa Australia Magharibi huumwaga kwenye mashamba yao ya mchanga kwa sababu hiyohiyo. Nimesaga kikombe kimoja, nikachanganya kwenye kopo na vikombe ishirini vya udongo wa tabaka la tatu, nikalowesha. Kopo la pili halina mfinyanzi, nalo nimelilowesha vilevile. Yote mawili yako kivulini yanakauka, na safari hii sidondoshi kitu kabla ya Jumamosi.