Mwandiko Wangu Mlangoni

Mwezi Julai 2013 nilikuwa keshia katika mgahawa mmoja wa Uyole, pale njia ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu iendayo Tunduma, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka kuliko wa wenzangu, kila kilichotakiwa kuandikwa niliandika mimi: bei za chipsi mayai, orodha ya wadaiwa na matangazo ya kazi. Mwezi huohuo kilianza kutumika kima cha chini kipya cha mshahara, ambacho kwa migahawa, nyumba za wageni na baa kilikuwa shilingi 130,000 kwa mwezi. Bosi alinung'unika siku tatu, kisha akasema kwamba kama ni lazima atoe fedha hizo, basi atamchagua mwenyewe wa kumpa.

Akaniletea karatasi ya manila na kalamu ya maka. "Andika: anahitajika mhudumu wa kike, umri miaka 18 hadi 25, mwenye mvuto." Niliandika kwa herufi kubwa. Chini ikabaki nafasi, na hapo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma: niliongeza maneno "asiye na mtoto". Mwezi uliotangulia mhudumu mmoja alikuwa amekosa kazini siku nne akimuuguza mwanawe, nami ndiye niliyebeba trei huku nikipokea fedha, kwa hiyo nilijiona mtu mwenye busara anayezuia usumbufu usijirudie. Naomba nieleze pia kwamba wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na watoto wawili. Sikuona mgongano wowote. Mimi nilikaa nyuma ya kaunta, na mteja wa keshia huangalia chenji yake tu.

Siku ya tatu, asubuhi ya baridi kali ambayo madereva wa malori walikuwa wakinywa supu bila kuvua makoti, aliingia kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri na bahasha ya kaki mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alitoa cheti cha ufundi stadi katika huduma ya chakula na vinywaji, pamoja na barua ya hoteli moja ya Iringa alikofanyia mafunzo kwa vitendo. Sikuvisoma. Nilimwonyesha mlango kwa kidole, lilikobandikwa tangazo, nikamwambia, "Hapa tunachukua wasichana, mdogo wangu." Akauliza, bila ukali wowote, ni kitu gani katika kubeba sahani ambacho mwanamume hakiwezi. Dereva mmoja akacheka, nami nikacheka. Kijana akarudisha karatasi zake kwenye bahasha, akatoka hadi mlangoni, akatoa simu na kulipiga picha lile tangazo. Aliipiga mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza upepo ulikuwa umekunja kona ya chini ya karatasi. Mara ya pili aliishika kona hiyo kwa kidole ili maandishi yote yaonekane.

Zilipita wiki saba. Kisha yakaja malalamiko ya yule kijana, kwenye fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Bosi aliidhania ni karatasi ya kodi, akaiacha juu ya friji ya soda siku nzima. Alipoelewa, alitulia. "Huyu hajawahi kufanya kazi kwangu hata saa moja. Atanishtaki kwa ajira ipi?" Mimi pia niliona ana hoja, mpaka aliponituma mjini nikamtafutie sheria yenyewe. Wakati huo ilikuwa kwa Kiingereza, nami niliisoma usiku kucha kamusi ikiwa kando, jambo ambalo bado naliona ni mzaha mchungu, kwamba sheria inayomlinda mhudumu wa Uyole ilihitaji kamusi ili imfikie.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kilinivua nguo. Mwombaji wa kazi, kwa maana ya kifungu hicho, naye ni mfanyakazi, na utaratibu wa ajira unaanzia kwenye tangazo lenyewe. Halafu ikafuata orodha ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo: kabila, rangi, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, umri na mengine. Nililinganisha na tangazo letu, neno kwa neno. "Wa kike" lilikuwemo. "Miaka 18 hadi 25" ilikuwemo. Na lile la tatu, majukumu ya familia, lilikuwa langu peke yangu. Tena, mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukuwepo au kwamba alikuwa na sababu inayokubalika.

Sababu aliyokuwa nayo bosi niliisikia kwenye benchi nje ya ofisi ya Tume, tukisubiri kuitwa. Madereva, alisema, hawasimamishi lori kwa ajili ya wali. Wanasimama kwa ajili ya anayeuleta. Sheria inamruhusu mwajiri kuchagua kwa kigezo ambacho kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hicho, lakini wali hufika mezani vilevile ukibebwa na yeyote. Sikumjibu, kwa maana nilikuwa nikikumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyokuwa nikiwafundisha wasichana wapya kushika trei upande wa mteja, iwe kama ukuta, ili mkono wake usifike kiunoni. Nilikuwa nikiyaita hayo mafunzo ya kazi. Kifungu kilekile kinasema unyanyasaji wa namna hiyo ni sura mojawapo ya ubaguzi.

Miaka baadaye nilisoma habari za mgahawa wa Joe's Stone Crab wa Miami Beach, Marekani, ambao kati ya 1986 na 1990 uliajiri wahudumu wa kiume 108 na wa kike hakuna hata mmoja, kwa imani kwamba wanaume waliovaa suti ndio wanaoupa mlo hadhi. Huko nako mahakama ziliona ulikuwa ubaguzi wa makusudi. Nilicheka peke yangu: Miami mteja alidhaniwa anataka mwanamume, Uyole alidhaniwa anataka msichana, na kote kuwili hakuna aliyemuuliza mteja.

Msuluhishi alitangulia kutuambia kwamba yatakayosemwa mle ndani ni siri, nami nayaacha humo. Naweza kusema tu kwamba picha ilikuwa mezani, na kwamba kidole cha yule kijana kilikuwa kimeegemea hasa kwenye mstari wangu, chini ya neno "mtoto". Bosi hakunitazama. Shauri liliisha siku hiyohiyo kwa makubaliano, na kijana hakuja kufanya kazi kwetu, wala sidhani kama alikuwa bado anataka.

Jioni nilibandua tangazo, gundi ikaondoka na rangi ya mlango. Jipya nililiandika polepole: anahitajika mhudumu, mwenye ujuzi au aliye tayari kujifunza. Mhudumu mmoja, mwenyeji wa Rungwe ambaye alikuwa nasi mwaka mmoja na nusu, alisimama nyuma yangu na kreti la chupa tupu, akasoma hadi mwisho, akasoma tena.

"Dada, ile ya mtoto umeitoa?"

"Nimeitoa."

Akaweka kreti chini. "Basi Jumamosi naomba ruhusa niende Tukuyu. Wangu yuko kwa bibi yake, ametimiza miaka mitatu."

Nilifungua droo nikatoa fomu yake ya kazi. Kwenye nafasi ya watoto palikuwa pameandikwa "hakuna", kwa mwandiko wangu. Nilimuuliza jina la mtoto, akalitaja, nikalitaka tena herufi kwa herufi.