Siku ya mahojiano ya kazi ya wahitimu Kisumu, kuanzia matatu ya alfajiri hadi kikao cha usiku

Saa 12:15 asubuhi. Anayetoka Kakamega awe ameshaketi ndani ya matatu. Ni kilomita kama 50 tu, lakini gari haliondoki mpaka lijae, na mtaa wa Kondele, pale unapoingia Kisumu, asubuhi hakupitiki kwa haraka. Wa Bondo heri alale mjini kwa jamaa. Anayechelewa haongezewi dakika hata moja, maana mazoezi yote yanaenda kwa saa ileile.

Saa 1:15. Wapimaji tunapanga ukumbi. Tuseme walioitwa ni 12: tunahitaji wapimaji 6, kila mmoja atazame watu wawili. Mpe mpimaji watu wanne, ataandika ya yule msemaji na wengine watampita. Mezani kuna jedwali lenye sifa tano: kupanga kazi, kushirikiana, hesabu, kujieleza na uadilifu. Kila sifa lazima ipimwe katika mazoezi yasiyopungua mawili, ili kosa moja lisimzike mtu. Mtindo huu wa kupima watu kwa mazoezi kadhaa ni wa zamani; jeshi la Uingereza lilichagua maofisa hivi tangu 1942, na kampuni ya simu ya AT&T kule Marekani ikaanza kuutumia kupima mameneja 1956.

Saa 2:00. Usajili: kitambulisho, cheti cha digrii au barua ya chuo, cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne). Wengi huja na bahasha nene ya vyeti vya HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), KRA (mamlaka ya kodi), CRB (ofisi ya rekodi za madeni) na cheti cha mwenendo mwema cha polisi, vyote vimelipiwa kwa pesa za kukopa. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri haruhusiwi kudai vyeti hivyo vya uthibitisho kabla hajakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Hiyo nauli ya kuvifuatilia ingekulaza Kisumu.

Saa 2:30. Hesabu, maswali 20 kwa dakika 25. Si ngumu, ila zina mitego. Mauzo yametoka 480,000 hadi 552,000. Yameongezeka kwa asilimia ngapi? Jibu ni 15, kwa sababu 72,000 hugawanywa kwa kiasi cha mwanzo. Anayegawanya kwa 552,000 anapata 13, na hiyo 13 tumeiweka makusudi kati ya majibu ya kuchagua. Swali likikula dakika mbili, liruke.

Saa 3:40. Zoezi la kikundi. Watu sita, dakika 40, shilingi milioni 3 za kugawia miradi minne. Hapa ndipo makundi huanguka kwa namna moja: dakika 10 zinaishia kwenye kuchagua mwenyekiti, mwandishi na mtunza saa, kisha kila mtu anatetea mradi wake, na mwishoni jumla inafika milioni 3.4 bila yeyote kupiga hesabu. Anayesema dakika ya 25, “jamani, tumevuka kwa laki nne, tupunguze wapi?” anapata alama za hesabu na za kushirikiana kwa sentensi moja. Anayekimbilia kalamu ya ubaoni mara nyingi hujimaliza: anaandika mawazo ya wengine mpaka dakika zinaisha. Mkimya naye hatuna la kumwandikia. Huenda kichwani alikuwa na jibu bora kuliko wote, lakini fomu hainakili yaliyo kichwani.

Saa 5:15. Rundo la karatasi, dakika 45. Wewe ni meneja msaidizi wa kampuni ya samaki, bosi hapatikani, na una karatasi 12: lori la mbuta limekwama Ahero na barafu inayeyuka, mteja analalamika, kuna ankara mbili zenye nambari ileile, mwaliko wa harusi. Soma zote kwanza, dakika sita zinatosha. Karatasi ya 11 inasema fundi ameshatumwa kwa lile lori, hivyo aliyeanza kujibu ya kwanza papo hapo ameshatuma fundi wa pili. Kwa kila karatasi andika utafanya nini, nani atafanya, lini, na kwa nini. Ile “kwa nini” ndiyo inayosahaulika, nasi tunaihitaji. Ankara pacha hazilipwi, zinaulizwa. Hiyo ni alama ya uadilifu.

Saa 7:00. Ugali na samaki. Hatuandiki kitu, kuleni.

Saa 8:00. Mahojiano ya ana kwa ana, dakika 45 kila mtu, vyumba vitatu. Tunataka tukio moja halisi: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, kukatokea nini. Tatizo kubwa huku kwetu ni malezi. Kujitaja ni kujigamba, basi mtu anasema “tulipanga, tulirekebisha” hadi mwisho. Tutauliza “wewe mwenyewe?” mara mbili, ya tatu hatuulizi. Atachimenti (mafunzo kazini ya mwanafunzi) ya miezi mitatu inatosha kuwa mfano, mradi kuna nambari: faili ngapi, siku ngapi. Ukiulizwa mshahara, taja kiwango na useme ni kabla ya makato, kwani mbali na PAYE (kodi ya mshahara) na NSSF (akiba ya uzeeni) kuna SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5.

Saa 11:30 jioni. Watahiniwa wameondoka, sisi tunaanza kikao. Kila mpimaji anasoma alichoandika, zoezi kwa zoezi, kabla ya kutaja alama, 1 hadi 5. “Anajiamini” haikubaliki, “alimkatiza mtahiniwa C mara tatu” inakubalika. Mmoja akitoa 4 na mwingine 2 kwa sifa ileile, tunarudi kwenye maandishi. Hatupigi wastani wa sifa zote, kwa sababu 5 za kujieleza haziwezi kufunika 1 ya uadilifu. Hatari kubwa saa hii ni uchovu: aliyehojiwa baada ya mtu dhaifu anaonekana nyota.

Saa 2:00 usiku. Fomu zinafungiwa kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtahiniwa haki ya kuomba taarifa zake tulizo nazo. Barua nyingi huuliza “kwa nini sikupita?” Iulize hivi: ni zoezi lipi lililonishusha, na katika sifa ipi?