Krediti 18 na zamu mbili: nilivyopanga upya masomo yangu ya kuelekea udaktari

Nilimaliza kidato cha sita Tanga, mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na njia ya udaktari ya nyumbani niliijua hatua kwa hatua: ufaulu, uombe chuo, usome MD, shahada ya udaktari, miaka mitano, ufanye mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Kabla sijaomba chuo chochote makaratasi ya mama yakakamilika, tukahamia Minnesota.

Huku Marekani huingii udaktari moja kwa moja. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne, ya fani yoyote, na humohumo unahakikisha umepitia masomo ambayo vyuo vingi vya udaktari vinayadai: baiolojia mwaka mzima pamoja na maabara, kemia ya jumla vivyo hivyo, kemia ya ogania vivyo hivyo, fizikia vivyo hivyo, halafu biokemia, na mara nyingi takwimu, saikolojia na sosholojia. Kisha unafanya mtihani wa MCAT, ndipo unaomba. Mwanafunzi wa njia hii huitwa primedi. Hiyo si fani na haina ratiba iliyopangwa na mtu. Unajipangia mwenyewe, na hapo ndipo mimi nilipojikwaa.

Agosti 2021 nilijiandikisha krediti 18, vile vipimo vya uzito wa somo, kwa muhula wa kwanza: kemia na maabara yake, baiolojia na maabara yake, kalkulasi, uandishi, sosholojia. Nilikuwa na sababu zangu. Shahada ni krediti 120, kwa hiyo nilitaka kutangulia. Chuoni kwetu ukishafika krediti 13 ada haipandi tena, nikaona za juu ni kama za bure, na kwetu hakuna anayeacha cha bure. Tena wenzangu wa PCB walikuwa wameshaanza mwaka wa kwanza nyumbani, wakituma picha wakiwa na makoti meupe, na mimi nilijiona nimechelewa. Mshauri wa masomo aliyepangiwa kunihudumia alitazama matokeo yangu ya kidato cha sita, akasema ni mazuri, akapitisha. Hakuniuliza kama nafanya kazi. Nami sikumwambia kwamba kila Jumamosi na Jumapili nina zamu ya saa 12 kwenye nyumba ya wazee, msaidizi wa wauguzi.

Masomo yenyewe hayakuwa mageni. Moli, mizania ya milinganyo, seli, vyote nilikuja navyo. Kilichonishinda ni mwendo. Nyumbani nilizoea kuwa mtihani mkubwa uko mwisho. Ukizembea Machi unaweza kupiga msuli Aprili na bado ukatoka vizuri. Huku kila wiki kuna alama inayoingia kwenye hesabu ya mwisho: chemsha bongo ya Jumatano, ripoti ya maabara ya Ijumaa, zoezi la mtandaoni linalofungwa Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku. Na hakuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Alama ikishaingia, imeingia.

Wiki ya sita nilikuwa na mitihani mitatu ndani ya siku nne. Kemia nilipata 58, kalkulasi 41, baiolojia ndiyo iliyonusurika. Lakini si alama zilizoniamsha. Jumamosi ile kazini niliandika presha ya bibi mmoja kwenye fomu ya mwenzake wa chumba cha pili. Niliiona mwenyewe dakika chache baadaye, kabla muuguzi hajatoa dawa, nikaenda kumweleza. Hakuna aliyedhurika. Hata hivyo nilikwenda kukaa kwenye chumba cha mashuka nikatetemeka, maana nilijua ni usingizi, na nilijua mimi ndiye ninayetaka watu waniamini na miili yao.

Dada mmoja Mkenya tuliyekuwa naye zamu, mwanafunzi wa uuguzi, alinikuta humo. Hakunipa pole nyingi. Wakati wa chakula alichukua karatasi ya menyu akaigeuza nyuma, akauliza, "Mdogo wangu, hizo krediti zako umewahi kuzihesabu kwa saa?"

Tukahesabu. Kanuni ya huku ni kwamba krediti moja ni saa moja darasani kwa wiki na saa mbili za kusoma nje ya darasa. Kumi na nane mara tatu, 54. Kisha maabara, ambazo ndizo zinazodanganya kuliko kitu chochote kwenye ratiba ya primedi: inaandikwa krediti moja, lakini unasimama humo saa tatu, na ripoti inakula saa nne nyingine. Kwa maabara mbili hizo ni saa nane ambazo krediti hazizionyeshi. Jumla 62. Kazi 24. Basi la kwenda chuo na kurudi, saa saba na nusu. Wiki ina saa 168, nikatoa zote hizo na usingizi wa saa saba kila siku, zikabaki 25 na nusu.

"Mbona zinatosha?" nikasema.

Akaniambia nizipange sasa kwenye siku. Wikendi yote ni ya kazi, kwa hiyo saa 62 za masomo lazima zienee Jumatatu mpaka Ijumaa. Zaidi ya saa 12 kila siku, ongeza basi, ongeza usingizi. Zilibaki saa tatu za kupika, kula, kuoga, kufua, kusali na kumpigia bibi simu Tanga. Hapo hujaugua, theluji haijachelewesha basi, na hujapata wiki yenye mitihani mitatu. Kati ya zile 25 na nusu, kumi zilikuwa Jumamosi na Jumapili, baada ya zamu, wakati miguu imevimba na kichwa hakipokei kitu.

Nilikuwa nimejidhani mvivu. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Jumatatu nilikwenda kwa mshauri mwingine, anayeshughulika na wanaoelekea fani za afya. Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu W, alama inayowekwa unapoacha somo kabla ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa. Inaonekana kwenye nakala ya matokeo, lakini haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama. Alinieleza pia jambo ambalo laiti ningelijua Agosti: AMCAS, mfumo wa pamoja ambao vyuo vingi vya udaktari hupokelea maombi, unahesabu kila mara uliposoma somo. Ukifeli ukarudia, alama zote mbili zinaingia. Na kuna GPA ya pembeni ya sayansi, yaani baiolojia, kemia, fizikia na hisabati. Kalkulasi yangu ya 41 ilikuwa inaelekea hukohuko. W moja inaelezeka; zikiwa tano hali ni nyingine, alisema, na mimi namwamini.

Niliacha kalkulasi. Zikabaki krediti 14, juu ya zile 12 zinazokufanya uhesabike mwanafunzi wa muda wote, kwa hiyo msaada wa ada haukuguswa.

Kumwambia mama ndiyo ilikuwa kazi. Kwake kuacha somo ni kushindwa, na alikuwa ameshawaambia shangazi zangu wote kuwa mwanawe yuko udaktari. Nilimwonyesha karatasi ya menyu. Aliitazama kimya muda mrefu, halafu akasema, "Jumamosi nitapika mimi, ya wiki nzima." Hilo ndilo jibu alilonipa. Lilinirudishia kama saa nne.

Kemia ile nilimaliza na B. Si alama ya kujivunia kwa primedi, lakini niliijenga kutoka 58, nami naiheshimu. Tangu hapo sijawahi kuzidi krediti 14, na maabara mbili kwa muhula ndiyo mwisho wangu. Ogania sikuichanganya na fizikia hata watu waliponiambia wote wanafanya hivyo. Niliisoma na takwimu na somo moja la kuandika, na vyuo vingi vya udaktari vinakubali takwimu mahali pa kalkulasi. Fizikia ya kwanza niliisoma kiangazi, peke yake, muhula mzima umebanwa kwenye wiki nane. Kwa fizikia ilinifaa. Ogania kwa kasi ile nisingethubutu. Sharti la lugha ya kigeni chuo kilinipima kwa Kiswahili, nikaandika na kuzungumza, nikasamehewa, na sijui kama kuna mtihani nilioufanya kwa furaha kama ule. Kazini nilipunguza zamu moja. Pesa zilibana kweli, na kwa miezi kadhaa sikutuma kitu nyumbani. Hilo liliniuma kuliko W.

Nimetumia muhula mmoja zaidi ya wale niliojiunga nao. MCAT nitaifanya baada ya kumaliza, na mwaka wa kusubiri siuogopi tena, kwa sababu zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari huku wamepumzika angalau mwaka mmoja baada ya shahada.

Muhula wangu wa mwisho unaanza Jumatatu: fizikia ya pili, biokemia, saikolojia na uandishi, krediti 13. Walimu wameshaweka silabasi mtandaoni, na jana usiku nilihamishia tarehe zote kwenye kalenda moja ya ukutani, pamoja na ile ya mwisho ya kuacha somo, kwa wino mwekundu. Wiki ya saba fizikia na biokemia zimeangukia siku moja. Nimeshampigia mwenzangu wa kazini, atachukua zamu yangu ya wikendi inayotangulia, nami nitachukua yake ya sikukuu ya Shukrani.