Hodi ya tatu

Juzi usiku nilikuwa na binti yangu kitandani, simu katikati yetu, tunasikiliza salamu za Voyager. Ni vile vyombo viwili ambavyo Wamarekani walivirusha mwaka 1977, kila kimoja na sahani yake ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti za dunia, ili kama kuna viumbe watakaoiokota huko mbali wapate kujua sisi ni nani. Lugha 55. Mmoja anayesema Kiamoy, lugha ya kusini mwa China, anawauliza marafiki wa angani kama wameshakula. Mwanangu alicheka, akasema huyo ni bibi kabisa. Kikapita Kiganda, kikapita Kichewa, naye akawa anangoja. Tukafika mwisho. Kiswahili hakimo.

"Baba, sasa sisi tungewaambiaje?"

Jibu lake nilishawahi kulisikia kwa masikio yangu, baharini, tarehe 27 Agosti 2003.

Wiki ile mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa amechora ubaoni sayari tisa (Pluto ilikuwa bado imo), akatuambia kwamba Mirihi inakuja karibu na Dunia kuliko ilivyopata kuja kwa karibu miaka 60,000. Kilomita milioni 56, tena hapo ndiyo karibu. Nilirudi nyumbani nikimsimulia kila niliyekutana naye. Mama akaniambia nile kwanza. Mjomba, aliyekuwa barazani akishona nyavu, ndiye peke yake aliyeacha kazi.

"Ile nyekundu? Mbona wiki ya ngapi sasa inazidi kuwaka."

Mjomba hakusoma mbele ya darasa la nne, lakini mbingu alikuwa anaijua. Kwake yeye kilimia, kile kikundi cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na hakuna redio iliyoweza kumbishia. Usiku wa siku yenyewe akaja kuniombea ruhusa. Mama akakataa, kesho shule.

"Dada, miaka elfu sitini. Shule ipo kesho, na keshokutwa pia ipo."

Tuliondoka na maji ya kupwa. Mwezi haukuwapo kabisa, ilikuwa bamvua la mwezi mchanga, giza lile ambalo mtu hauoni hata mkono wake. Ngalawa ilikuwa inavuja, na kazi yangu ilikuwa kufua maji kwa kopo. Kila nilipolimwaga, bahari iliwaka cheche za kijani, kisha zikazimika. Tukiwa bado ndani ya mwamba akatia nanga, akazima taa. Kusi lilikuwa limelala.

Mirihi ilikuwa imeshapanda upande wa mashariki, nyekundu kama kaa la mkoko. Nyota nyingine zote zilikuwa zikimetameta. Ile imetulia tu, inatutazama, na imelaza mstari mwembamba wa mwanga juu ya maji mpaka kwenye mrengu wetu. Nikamwambia mjomba kwamba mwalimu amesema wekundu ule ni kutu. Akaipapasa kamba ya nanga, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya jirani.

"Na watu, amesema wapo?"

"Amesema haijulikani."

"Mtu akifika kwenye nyumba, asijue kama mwenyewe yumo, hufanyaje?"

Sikujibu. Alivua kofia yake, akasimama, mguu mmoja juu ya mrengu, akaita kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia mlangoni kwetu:

"Hodi!"

Sauti ikaenda. Nilikuwa nimeshika kopo lililojaa, na sikuthubutu kulimwaga, nisije nikalifunika jibu. Matone yalikuwa yakidondoka kwenye kamba ya nanga, moja moja. Samaki akaruka mbali. Maji yakaanza kunipanda vidoleni, yakafika kwenye vifundo, ya baridi, nami sikusogea. Mjomba naye hakusogea. Uso ameuinua, mdomo uko wazi kidogo, vile mtu anavyosikiliza mlangoni akitegemea kusikia ndara zikiburutwa.

"Hodi!"

Tukasikiliza tena. Kisha akakaa, akavaa kofia yake.

"Na ya tatu, mjomba?"

"Ya tatu ukiita usijibiwe, adabu ni kuondoka. Tuiache." Akashusha macho miguuni kwangu. "Fua maji, tunazama."

Tulirudi na maji ya kujaa, na changu wachache. Siku iliyofuata nililala darasani.

Mengine nilikuja kuyajua ukubwani. Kwamba kwa umbali wa usiku ule, hodi ya redio ingechukua kama dakika tatu kufika, na jibu la "karibu" lingechukua tatu nyingine kurudi. Kwamba tulipokuwa tumesimama pale, kulikuwa na vyombo njiani kuelekea hukohuko. Kimojawapo kilikuwa Beagle 2 cha Waingereza, kilichotumwa hasa kutafuta dalili za uhai. Kilitakiwa kutua tarehe 25 Desemba mwaka uleule, na hakikusikika tena. Januari 2015 zikatangazwa picha zake zilizopigwa kutoka juu: kumbe kilitua. Ila paneli zake za jua hazikufunguka zote, na antena ilikuwa chini yake. Kilifika mlangoni, kikashindwa kuita.

Siku ile nilimpigia mjomba. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo kilifika?"

"Kilifika, mjomba."

"Alhamdulillahi."

Mpaka leo sijui kama kuibakiza ile ya tatu kulikuwa tumaini au woga. Nimewahi kufikiri ni woga, kwamba hatukutaka kusikia nyumba ni tupu. Halafu naukumbuka ule uso wake gizani, na siwezi kuliita jambo lile woga.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, simu imeshazimika mkononi mwake. Akauliza kama ile ya tatu bado ipo. Nikamwambia ipo. Akauliza ni ya nani, ya babu, yangu, au hata yeye anaruhusiwa. Akataka tupige simu hapohapo. Ilikuwa saa tano usiku, na babu yake siku hizi haendi tena baharini, analala mapema.

Jumamosi tunakwenda Pangani kumwuliza.