Kukimbia kwa geresha: mtego wa Wamongolia

Kumkimbia adui ili akufuate mtegoni ni rahisi. Kazi ni kugeuka tena, wote kwa pamoja, mahali mlipopatana. Jeshi likishageuza mgongo kwa kawaida halirudi, lakini la Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, lilirudi, na siri ya kwanza ilikuwa hesabu ya kumi.

Askari 10 walikuwa arban. Arban 10 zilifanya jaghun, jaghun 10 zikafanya mingghan ya watu 1,000, na mingghan 10 zikafanya tumen. Mwaka 1206, alipotawazwa, Genghis alihesabu mingghan 95. Makabila aliyoyashinda, kama Watatari, aliyatawanya humo ili pasiwe na chifu wa kuwaita watu wake kando. Giovanni da Pian del Carpine, mtawa aliyefika Mongolia mwaka 1246, aliandika kwamba wakitoroka mmoja au wawili katika kumi, wote kumi huuawa. Akitekwa mmoja na wenzake wasimwokoe, nao huuawa. Askari hakuhitaji kumwona jemadari. Macho yake yalikuwa kwa wale tisa.

Siri ya pili ni farasi. Kila mtu alikuwa na watatu hadi watano, wadogo na wagumu, akibadilisha kabla mmoja hajachoka. Anayewafukuza ana farasi mkubwa, naye amembebesha chuma. Kadiri anavyofukuza ndivyo anavyojimaliza.

Na huku wakikimbia walipiga mishale. Upinde wao ulikuwa wa tabaka: mti katikati, pembe upande unaomwelekea mpigaji, kano za mnyama upande wa nje, vyote vimeshikwa kwa gundi. Mpigaji husimama kwenye vikuku vya tandiko, anazungusha kiuno, anavuta uzi kwa dole gumba. Aliyeshika upinde kwa mkono wa kushoto hugeukia kushoto. Anayemfuata upande wa kulia ni shida kumlenga. Adui mwingine ni unyevu: ukiingia kwenye gundi, tabaka huachana na upinde unalegea.

Mwaka 1223, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, Jebe na Subutai, majemadari wa Genghis, waliwavuta wakuu wa Rus, nchi ya Waslavu wa mashariki, na washirika wao Wakipchak, wafugaji wa nyikani, kwa siku zipatazo tisa hadi Mto Kalka. Kufika huko msafara ulikuwa umerefuka, kila mkuu na watu wake. Mstislav wa Halych alivuka bila kumngoja mwenzake wa Kiev. Wamongolia wakageuka. Wakipchak walivunjika kwanza, wakakimbia wakipita katikati ya Warus na kuwavuruga. Geresha haihitaji adui mjinga. Inahitaji adui mwenye wakubwa wengi wanaogombea sifa, na hao hawakosekani.

Kule Mohi, Hungaria, mwezi Aprili 1241, mtego uligeuzwa: safari hii adui ndiye aliyeachiwa nafasi akimbie. Subutai alizingira kambi ya Wahungaria iliyofungwa kwa magari ya kukokotwa, akaacha uwazi upande mmoja. Aliyebanwa pande zote hupigana hadi kufa. Aliyeona mlango hutupa silaha. Wahungaria walitoka kwa makundi madogo madogo, wakapigwa mishale njiani kuelekea Pest.

Kinachouharibu mpango huu ni nyasi. Tumen moja yenye farasi watano kwa kila mtu ni farasi 50,000, na Shamu wakati wa kiangazi haiwalishi kwa muda mrefu. Mwaka 1260 Hulagu, mjukuu wa Genghis, aliondoka huko na sehemu kubwa ya jeshi, malisho yakiwa sababu mojawapo na kifo cha kaka yake Möngke, Khan Mkuu, nyingine, akamwachia jemadari wake Kitbuqa kikosi kidogo. Tarehe 3 Septemba, Ain Jalut katika Palestina, Wamamluk, askari wa asili ya utumwa waliokuwa wakitawala Misri, wakiongozwa na sultani Qutuz walimtanguliza jemadari Baybars. Akapigana kidogo, akarudi nyuma kuelekea vilimani, na Kitbuqa akamfuata hadi palipojificha jeshi lenyewe. Huko akauawa. Baybars alikuwa Mkipchak, wa watu wale wale waliovunjika Kalka, na alikuwa ameuzwa utumwani akiwa kijana baada ya Wamongolia kuivamia nchi yao.